Mshenga wa Hondohondo

Katika orodha ya wafanyakazi wa bustani ya wanyama, baba yangu ameandikwa kwa jina lake kamili, na mbele ya jina hilo kuna cheo: mtunzaji wa ndege na wanyama wadogo. Hakuna amwitaye hivyo. Tangu mlinzi wa lango hadi walimu wanaoleta wanafunzi kutembea, wote humwita Mshenga, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kuwatafutia viumbe wenza, kuwaandalia pa kuishi, kisha kukaa kando asiwaharibie.

Nilipokuwa shuleni nililionea haya jina hilo. Leo nalitaja bila kupunguza sauti, nami nitaeleza sababu yake kwa mpangilio.

Baba aliingia bustanini akiwa mfagiaji. Hakusomea wanyama katika darasa lolote. Alichokuwa nacho ni ufagio, macho, na daftari la mistari ambalo kila ukurasa aliugawa sehemu tatu: saa, aliyefanya, alichofanya. "Saa nne na dakika kumi. Dume. Kaleta jani." "Saa nne na robo. Jike. Kalitazama, kageuka." Madaftari hayo sasa ni thelathini na moja, yamepangwa kabatini nyumbani, na Mama hulalamika kuwa yamechukua nafasi ya mashuka.

Kutokana na madaftari hayo baba alijifunza jambo moja ambalo hulirudia kwa kila mgeni: hakuna harusi mbili zinazofanana. Kwera, wale ndege wa manjano wafumao viota, huanza kwa ujenzi. Dume hufuma nyumba nzima, kisha huning'inia chini yake akipiga mbawa amwite jike aje kuikagua. Jike asipoipenda kwa muda mrefu, dume huifumua mwenyewe na kuanza upya. Konokono hawana haja ya kuulizana nani mume, kwani kila mmoja ni baba na mama kwa wakati mmoja. Digidigi huishi wawili wawili, na anapokwenda mmoja hutamtafuta mwenzake mbali. Ndege mdogo wa vidimbwini, yule mwenye vidole virefu atembeaye juu ya majani ya maji, jike lake huwa na waume kadhaa, na kila mume huachiwa mayai yake ayaatamie.

"Chakula kikiwa mezani, mambo ya konokono yakae nje," Mama husema.

"Nakaa kimya basi," Baba hujibu, na haipiti dakika mbili kabla hajafika kwa buibui anayemposa jike kwa nzi aliyefungwa kwenye hariri.

"Angalau yeye alileta zawadi iliyofungwa," Mama humalizia.

Nakumbuka siku moja nikiwa nimempelekea Baba miwani yake katika chumba cha matangi. Mgeni mmoja, mtu wa kifua kipana, alikuwa ameinama mbele ya tangi la farasi wa bahari, mkewe kasimama nyuma yake.

"Mzee, unasema huyu mwenye tumbo ni dume?"

"Dume kabisa. Jike humwekea mayai kwenye mfuko wa tumboni, na yeye ndiye hubeba mpaka watoto wazaliwe."

"Mwanamume mzima, mimba?"

"Mimba. Tena halalamiki kama wewe ukishikwa na mafua."

Mkewe alicheka hadi akaegemea ukuta. Baba hakucheka. Alipangusa kioo kwa kitambaa, akaandika saa kwenye daftari.

Mimi nilikwenda chuo cha ufundi, nikasomea useremala, na nilipohitimu niliajiriwa katika karakana ya bustani hiyohiyo. Hapo ndipo kazi yangu na ya baba zilipokutana.

Katika banda kubwa la ndege waliishi hondohondo wawili, dume na jike, weusi wenye matumbo meupe, wenye midomo mikubwa iliyobeba kama pembe juu yake. Walikuwa wameletwa wakiwa wachanga. Kwa miaka tisa walikaa tawi moja, wakalishana, wakachanuana manyoya, lakini hawakutaga hata mara moja. Baba aliwapenda kuliko viumbe wote aliowatunza, ijapokuwa hakuwahi kulisema. Ilionekana katika jinsi alivyofungua mlango wa banda lao: taratibu, akiinua bawaba kwa kidole ili isilie.

Asubuhi moja Meneja alikuja karakanani akiwa na barua. Ni kijana kuliko baba kwa miaka ishirini, mtu wa heshima, lakini ana haraka.

"Mzee wangu," alisema, "bustani ya kusini wanawaomba hondohondo. Wana msitu mkubwa kuliko wetu. Nimekubali. Lori litakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne kuanzia sasa."

Baba alivua miwani. "Bosi, nipe msimu mmoja."

"Umekuwa nayo tisa. Miaka tisa, Mshenga! Hata yai la kusingiziwa hakuna."

"Kosa si lao. Kosa ni la mlango."

"Mlango gani?"

"Wa nyumba yao. Ni mpana mno."

Meneja alinitazama kana kwamba nitamtafsiria. "Watu wote duniani wanagombania nyumba zenye milango mipana. Wako wanataka mwembamba?"

"Mwembamba, bosi. Wanataka wa kuziba."

Naye akamweleza, kama alivyokuwa amenieleza mimi. Hondohondo jike akitaka kutaga huingia ndani ya pango la mti, kisha mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mmoja, mwembamba kama wa sanduku la barua. Hukaa humo miezi mitatu, minne, akiatamia na kulea. Katika muda huo hatoki hata mara moja. Dume ndiye mlango wake, soko lake na habari zake za nje, na humlisha kupitia ufa ule. Dume asiporudi, jike yuko mashakani. Basi jike hawezi kuingia mahali asipoweza kuziba. Masanduku matano yaliyowahi kuwekwa bandani yote yalikuwa na matundu mapana ya duara, yametengenezwa na mafundi waliodhani wanafanya hisani.

Meneja alisikiliza hadi mwisho. "Ijumaa ya mwisho, mwezi wa nne," alisema. "Wakitaga kabla ya hapo, tutazungumza. Wasipotaga, wanaondoka." Akanigeukia. "Na wewe, binti, tengeneza kasha la kuwasafirishia."

Hivyo benchi langu lilibeba kazi mbili kwa pamoja. Upande wa kushoto palikuwa na mbao za sanduku la kiota. Upande wa kulia palikuwa na mbao za kasha la safari. Baba alipoingia alikuwa akitazama kushoto tu.

Kupata upana wa mlango halikuwa jambo la kubahatisha. Hatukuweza kumkamata jike na kumpima, kwani hofu hiyo ingetugharimu msimu mzima. Baba akaja na njia yake. Aliniomba nitoboe matundu marefu katika mbao nne, kila ubao upana wake, nami nikapaka kingo zake chaki ya bluu tunayotumia kupigia mistari. Tuliuning'iniza ubao mmoja kila siku mbele ya sahani, ili jike apitishe kichwa na kifua kufikia tunda. Kisha Baba alikaa na daftari, akitazama chaki imemshika wapi. Ubao wa kwanza hakupata alama yoyote. Wa pili alipata mstari bega moja. Wa tatu alitoka na bluu mabega yote mawili, sawasawa, na hakuhangaika. Wa nne alikataa kuuingia.

"Wa tatu," Baba alisema. Ulikuwa sentimita kumi na moja.

Mama Matunda, anayekata vyakula vya wanyama wote na ambaye hakuna siri impitayo, alisimama akimtazama jike mwenye mabega ya bluu. "Mshenga, bibi harusi umempaka rangi, bwana harusi amekubali?"

"Hajakimbia," Baba alimjibu.

Nilitengeneza sanduku hilo kwa uangalifu wote niliofundishwa: mbao nene za sentimita nne, viungo vilivyoshikana bila uwazi, mlango mdogo wa nyuma wa kusafishia wenye skrubu nane. Nilitaka kupiga randa pande zote. Baba alinizuia. "Ndani paache pakwaruze. Kinda atapanda na kucha zake, si na ngazi." Nilikubali kwa shingo upande, nikajifariji kwa kulainisha mlango wa mbele kwa msasa mpaka ukawa laini kama ukingo wa meza.

Tulilipachika juu, karibu na tawi walilolipenda. Baba aliweka beseni la udongo mbichi chini yake. Siku ya nne jike akalikagua sanduku. Siku ya sita akaingia na kutoka mara tatu. Baba alirudi nyumbani akala bila kutaja mnyama yeyote, na Mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini sketi isiyo na pindo hufumuka.

Baba alikuwa na mapumziko ya siku mbili. Nilikwenda bandani kukaza skrubu za kiunzi, nikakuta mlango wangu umechafuliwa. Udongo ulikuwa umebandikwa kingo zote, mabonge kwa mabonge, mengine yamechanganyika na kinyesi na mabaki ya tunda. Nilijua habari ya kuziba, nilikwisha kuisikia mara nyingi. Lakini nilidhani kuziba ni kazi ya ndani, ifanywayo jike akiwa ameingia. Huu wa nje niliuona ni uchafu tu. Macho ya seremala yaliona kazi yake imetiwa doa, na mkono ukatangulia akili. Nilichukua patasi nikakwangua. Nikachukua kitambaa chenye maji nikapangusa. Niliuacha mlango uking'aa, nikaondoka nimeridhika.

Jike alirudi, akautazama mlango, akakaa juu ya sanduku kwa muda mrefu, kisha akahamia upande wa mbali wa banda. Hakurudi siku ile, wala ya pili, wala ya tano.

Baba hakuelewa. Alipima upepo, alibadilisha matunda, alihamisha njia ya wageni. Ukurasa kwa ukurasa daftari lilisema, "Jike. Hakukaribia." Nilimwona akianza kulitazama kasha la safari. Siku ya sita nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia.

"Baba, ni mimi. Niliusafisha mlango."

"Uliusafisha na nini?"

"Patasi. Na kitambaa."

Nilitamani anikaripie yaishe. "Alikuwa amejenga siku mbili," alisema hatimaye. "Wewe ukamvunjia nyumba kwa usafi." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikashtuka nikidhani analia. Alikuwa anacheka. "Mama yako angekupongeza. Haya, simama. Aliyebomoa ndiye atakayekanda."

Kwa siku sita zilizofuata kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kukanda udongo. Baba alinifundisha kuujaribu kwa kuuviringisha kama uzi: ukikatika, ongeza maji, ukinata kidoleni, ongeza mchanga. Nilibandika mwenyewe mabonge madogo palepale nilipokwangua, nikiiga kadiri nilivyokumbuka, na nilijitahidi yawe mabaya. Si rahisi kwa mtu wa fani yangu. Siku ya kumi na mbili tangu kosa langu, jike alishuka kwenye beseni, akachukua udongo, akarudi mlangoni. Aling'oa mabonge yangu yote, moja baada ya jingine, akabandika yake.

"Fundi hakubali kazi ya fundi mwingine," Baba alisema.

Siku tatu baadaye jike aliingia ndani na hakutoka. Dume alimletea udongo, yeye akaziba kutokea ndani, na kufikia jioni ya siku ya nne kulikuwa na ukuta wenye ufa mmoja wa wima. Zilikuwa zimebaki wiki nane kabla ya Ijumaa ile.

Baba alifunga kamba hatua thelathini kutoka banda, wageni wasisogee, kwa sababu dume hakukubali kulisha akitazamwa. Aliandika taarifa, akaipeleka ofisini. Alimwalika Meneja mara mbili aje asubuhi kabla ya lango kufunguliwa, na mara mbili Meneja alikuwa na kikao. Basi ikawa ni sisi wawili tu tuliouona ule mdomo wa jike ukitokeza kwenye ufa. Wengine waliona kamba, sanduku la udongo na ndege mmoja. Minong'ono ikaanza kwamba jike alikwisha kufa, na kwamba Mshenga ameufunga mlango kuficha aibu.

Ijumaa lori lilifika saa tatu. Dereva alishuka na barua mkononi, akalitazama banda. "Hapa wameandika wawili. Namwona mmoja."

Meneja aliona aibu, na aibu ilimfanya awe mkali. "Mzee, watu wanasema mengi. Wiki nane hakuna aliyemwona yule jike."

"Yumo ndani, bosi. Analea."

"Umekuwa ukisema. Mimi nataka kuona." Akanigeukia. "Binti, sanduku ulilitengeneza wewe. Lina mlango wa nyuma. Fungua."

Nilikuwa na bisibisi katika mfuko wa aproni. Skrubu nane, kazi ya dakika nne. Baba hakunitazama, ili nisiseme baadaye kwamba alinishinikiza.

"Siwezi, Meneja," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Niliwahi kuugusa mlango huo mara moja. Alikaa siku kumi na mbili bila kurudi. Sasa ana kinda."

"Unajuaje ana kinda?"

"Baba ameandika."

Baba alimnyooshea daftari. Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Nipe saa moja. Mkae nyuma ya uzio wa matete, msiseme. Kama ndani hamna ndege hai, andika barua nyingine, bosi. Ya kwangu."

Meneja aliangalia saa yake, akaangalia daftari, akakubali.

Tulikaa watano nyuma ya matete: Meneja, dereva, Mama Matunda aliyekuja bila kualikwa, Baba na mimi. Dume alikuwa juu ya tawi, ametugeuzia ubavu. Sahani ya matunda ilikuwa imejaa. Dakika kumi zilipita, kisha ishirini. Dume alijinyoosha bawa moja, akalikunja. Dakika thelathini na tano.

"Mume gani huyu," dereva alinong'ona, "saa nzima hajarudi nyumbani?"

"Wako wengi," Mama Matunda akanong'ona.

Baba aliinua kidole. Dume alikuwa ameshuka kwenye sahani. Alimeza tunda, na jingine, na jingine, mpaka koo lake likavimba. Akaruka hadi kwenye sanduku, akashika ukingo kwa kucha, akagonga ubao kwa mdomo. Kodo, kodo. Hakuna kilichotokea. Nilihisi Meneja akivuta pumzi ya kuzungumza.

Ndipo ncha ya mdomo ikatokeza kwenye ufa.

Dume alitoa tunda kooni, akalipitisha, likapokelewa. Akatoa la pili. Aliyatoa moja moja, kama mtu anayetoa shanga mfukoni bila kutaka kudondosha hata moja. Baba alihesabu kwa vidole: kumi na moja. Na la mwisho lilipopita, ndani ya sanduku ikasikika sauti nyembamba, ya kukwaruza, isiyo ya jike wala ya dume.

Meneja alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili. "Ni nini hicho?"

"Barua yako ilisema wawili," Baba alimjibu. "Wako watatu."

Dereva alisimama, akajipangusa magoti. "Mimi kuwatenganisha mtu na mkewe aliyejifungua, siwezi," alisema, na akaenda kumalizia chai yake kwenye lori, ambalo liliondoka tupu. Meneja alibaki hadi dume akaja tena. Alipomaliza kutazama alimwomba Baba daftari, akasoma kurasa nyingi akiwa amesimama, na kabla ya kulirudisha alisema, "Nisamehe kwa vile vikao, mzee wangu." Nililisikia neno hilo vizuri, kwa kuwa alilisema mbele yetu sote.

Siku hamsini na tisa baadaye jike aliuvunja ukuta wake kwa mdomo kutokea ndani. Alitoka akiwa na manyoya mapya, anarusha mbawa kama mtu aliyevaa koti asilolizoea. Kinda alifuata kesho yake, akipanda kwa kucha juu ya ubao ule ambao sikuupiga randa.

Kasha la safari lilikuwa bado karakanani. Meneja aliandika kwenye hati ya kazi neno moja, "Livunjwe," akatia saini. Nililivunja mwenyewe na kung'oa misumari yote bila kupinda hata mmoja. Kwa mbao hizo nilitengeneza benchi refu, likawekwa kwenye ile kamba ya hatua thelathini, ili wageni wakae wasubiri. Wengi hawawezi kusubiri. Wanaoweza hukuta Mshenga amekaa mwisho wa benchi, daftari gotini, na akiulizwa huyu fundi aliyetengeneza sanduku ni nani, huonyesha kwa kidole kuelekea karakana na kusema, "Binti yangu. Anajua kukanda udongo."

Nyumbani, juu ya kabati la madaftari, kuna bonge la udongo mkavu lenye alama za mdomo. Mama aliuliza siku ya kwanza kama tumeanza kukusanya takataka za watu. Tangu hapo yeye ndiye hulipangusa vumbi, na hutumia brashi laini, kwa uangalifu, pembeni tu.